Koti la Majani

Sura ya Tisa

Barua ya mkemia wa serikali ilifika Nakuru Jumanne, tarehe 24 Agosti 1954, siku thelathini na tano baada ya hukumu na siku tatu kabla ya mtu kunyongwa.

Ilikuwa na mistari sita. Sajini Kiprugut arap Sigei wa idara ya upelelezi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena huku ncha ya kalamu ikifuata maneno. Doa lililokuwa kwenye kipande cha kitambaa, aliandika mkemia, halikuwa damu. Halikuwa grisi pia. Lilikuwa jeusi kwa sababu chuma chenye kutu kilikuwa kimegusana na dawa ya asili inayopatikana katika maganda ya miti ya miwati na katika majani ya chai. Kitambaa chote, si doa peke yake, kilikuwa kimelowekwa katika dawa hiyo. Mkemia aliomba radhi kwa kuchelewa. Meza yake ilikuwa na kazi nyingi mwaka huo.

Kipande chenyewe kilirudishwa ndani ya bahasha hiyo hiyo. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto, rangi ya udongo, chenye pindo upande mmoja. Kiprugut ndiye aliyekitoa kwenye waya wa miiba wa shamba moja la Rongai tarehe 9 Juni, hatua sitini kutoka mahali ambapo mchungaji wa ng'ombe aitwaye Kipkorir alikuwa ameuawa kwa panga saa kumi alasiri, mvua ikinyesha, na mtamba mmoja kuchukuliwa.

Kesi haikuwa na mambo mengi. Wangare, mama mzee aliyefanya kazi katika jiko la mzungu mwenye shamba, alimwona mtu akivuka waya. Uso hakuuona. Alisema mtu huyo alivaa koti la rangi ya majani. Kiprugut alimhoji kwa Kiswahili na kuandika maelezo kwa Kiingereza, kwa maana Kiingereza ndicho kilichosomwa mahakamani. Akaandika kwamba koti lilikuwa la kijani. Jioni hiyo hiyo polisi walipekua nyumba za wafanyakazi wakitafuta nguo ya kijani, na wakaipata kwa dereva wa trekta aliyeitwa Kahiga. Lilikuwa koti lake la jeshi, alilorudi nalo kutoka Burma mwaka wa arobaini na tano. Pindo la nyuma lilikuwa limechanika. Kahiga alisema lilichanwa na trekta. Alisema pia kwamba saa kumi ya siku hiyo alikuwa bondeni peke yake, akifungua mtambo wa trekta uliogoma, na hakuna aliyemwona. Kipande cha kitambaa kilikuwa bado Nairobi kwa mkemia, na mahakama haikukisubiri. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba kilikuwa kimebadilika rangi kwa damu na matope. Kahiga alikuwa Mkikuyu, na nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, Wakikuyu wote wakishukiwa kuwa upande wa waasi wa msituni. Shauri lilichukua siku moja na nusu.

Sasa Kahiga alikuwa katika gereza kuu la Nairobi, na angenyongwa Ijumaa saa mbili asubuhi.

Kiprugut alichukua wembe akakata uzi wa pindo. Alilifungua polepole juu ya karatasi nyeupe, akaweka kioo cha kukuzia. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo rangi ya kahawia haikuingia sawasawa, kitambaa kilikuwa na rangi tatu: mchanga, kijani kizito, na hudhurungi. Hazikuwa zimefumwa wala kupigwa chapa. Zilipakwa kwa brashi. Mistari ya nywele za brashi ilionekana, minene mwanzo na myembamba mwisho.

Koti la Kahiga lilikuwa la rangi moja, nje na ndani. Kiprugut alilijua, alikuwa ameligeuza mwenyewe kabla ya kulitia lebo.

Alianza na miwati kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwanza katika barua. Kulikuwa na mahali pa kutengeneza ngozi upande wa reli, na msimamizi wa hapo alikishika kitambaa, akakinusa, akakirudisha. Alisema mwati hukipa kitu wekundu, na huu haukuwa wekundu. Tena mwati ni ghali kwa mtu anayetaka kuchafua nguo tu. Kiprugut aliuliza nani katika Nakuru alikuwa akinunua chai kwa wingi kuliko anavyoweza kunywa. Msimamizi alicheka, akasema labda jeshi.

Saa sita mchana alikuwa Rongai.

Wangare alikuwa nyuma ya jiko akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mmoja wa Wakikuyu wachache walioachwa katika shamba lile. Wengine walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa kwao, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Alimtazama Kiprugut bila kusimama.

"Nilisema yote," alisema. "Mpaka Nakuru mlinipeleka, mbele ya jaji wa nywele ya kondoo."

"Nataka unirudishie jambo moja tu, mama. Koti."

"Koti nilisema."

"Sema tena. Ilikuwa rangi gani?"

"Ya majani."

Kiprugut alitoa daftari lake la Juni. Maneno yalikuwa pale, kwa mkono wake, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kiingereza chini yake. Alikuwa amefanya kazi kwa uangalifu; hata saa aliandika.

Alinyoosha kidole kwenye majani ya ndizi yaliyokuwa upande wa pili wa waya. "Kama yale?"

Wangare aligeuka akayatazama, kisha akamtazama yeye kama mtu anayejaribu kujua kama anataniwa.

"Yale ni mabichi," alisema. "Mimi nilisema majani. Majani, ya chai. Ile tunapika."

Kiprugut hakuandika kitu.

"Memsaab akiona mapazia yake imekuwa nyeupe sana, ananiambia niloweke kwa majani. Inatoka hivyo, kama maji ya mto Juni. Hiyo rangi naijua, nimeitia kwa mikono yangu. Yule mtu koti yake ilikuwa imetiwa majani." Alirudi kwa maharagwe yake. "Tena haikuwa imetiwa vizuri. Ilikuwa mabaka mabaka, kama ng'ombe ya kwenu."

"Hukusema mabaka."

"Hukuniuliza. Uliandika, ukasema asante, ukafunga kitabu."

Alimuuliza kama alilitambua koti la Kahiga lilipoonyeshwa mahakamani. Wangare alisema hakuna aliyemuuliza kama ndilo. Waliinua koti, wakamuuliza ni la rangi gani, na yeye, kwa kuwa sasa lilikuwa koti jingine na jibu jingine, akasema ni ya majani mabichi. Mkalimani wa mahakama akasema neno moja tu la Kiingereza. Lilikuwa neno lile lile lililokuwa tayari kwenye karatasi, na watu wote wakaandika.

"Kahiga bado hajarudi?" aliuliza.

"Bado."

"Basi mwambieni arudi. Trekta imekufa tena."

Kutoka Rongai alikwenda moja kwa moja kambini. Jeshi lilikuwa limejenga mahema yake nje ya mji, chini ya Menengai, na upande wa nyuma kulikuwa na banda la dobi. Sajini wa upelelezi aliruhusiwa kufika bandani bila kuulizwa sana, kwa kuwa polisi nao walifuliwa nguo hapo. Dobi mkuu alikuwa Micah, Mkipsigis wa Sotik, mtu mnene mwenye mikono iliyokuwa kahawia hadi viwikoni.

Kiprugut aliona mikono hiyo kabla ya kuona kitu kingine. Kisha akaona mapipa mawili yaliyofukiza mvuke, na nyuma yake, juu ya kamba ya katani, makoti ishirini na manne.

Hakuwa amewahi kuona nguo kama hizo karibu. Yalikuwa makoti marefu yasiyo na ukosi, yenye mkia wa kupitisha katikati ya miguu na kufungia mbele. Kila moja lilikuwa na rangi ya udongo, na ndani ya udongo huo mapigo ya brashi ya kijani kilichofifia na hudhurungi, na juu ya yote michirizi ya kijivu iliyopakwa juzijuzi. Alipopiga hatua tano nyuma, makoti ya mwisho kwenye kamba yalianza kupotea katika kichaka kilichokuwa nyuma yake. Ilimbidi ayahesabu mara mbili.

"Haya yanakunywa chai kuliko sisi, Arap Sigei," alisema Micah. "Kilo nne kila wiki. Tunangoja tu siku watakapoomba mkate."

Waliongea kwa Kikipsigis. Micah alifurahi kuwa na mtu wa kumweleza kazi yake, na Kiprugut alimwacha aeleze. Makoti yalitoka Ulaya, yakiwa yamepakwa kwa ajili ya misitu ya huko. Ndani ya mianzi ya milima ya Mau yalifaa. Lakini kuanzia Naivasha hadi hapa nchi ni ya vichaka vya leleshwa, na jani la leleshwa ni jeupe kwa chini kama jivu. Mtu wa kijani akisimama ndani yake anaonekana kutoka barabarani. Kapteni mmoja alikuwa amelitafutia jambo hilo dawa. Aliwapanga watu kichakani, akasimama hatua mia mbali nao, saa mkononi, akaandika kila mmoja alimwona baada ya muda gani. Aliyevaa koti jipya alionekana kabla kapteni hajamaliza kuvuta pumzi. Aliyevaa koti lililochemshwa kwa majani na kupakwa jivu, dakika nne. Mmoja hakuonekana kabisa. Ikabidi aitwe jina atoke.

"Kwa nini kamba ya katani?" aliuliza Kiprugut. "Waya uko pale."

"Waya!" Micah alitikisa kichwa. "Nguo ya majani haipendi chuma. Ikiguswa na chuma ikiwa mbichi, inaingia doa jeusi, halitoki hata uite nani. Hata mapipa haya ndani ni bati jeupe. Niliyachagua mimi."

"Na anayeyavaa akivuka waya kwenye mvua?"

Micah aliacha kukoroga.

Kiprugut alitembea kando ya kamba akiangalia mikia ya makoti. Kila moja lilikuwa na namba ndani ya shingo kwa wino usiofutika. La kumi na nne lilikuwa na kiraka nyuma, kipya, kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Alikifungua kiraka upande mmoja kwa wembe ule ule wa asubuhi. Kisha akatoa bahasha, akakiweka kipande mahali pake.

Kwa kuwa yalipakwa kwa mkono, hakukuwa na makoti mawili yaliyofanana. Pigo moja la hudhurungi lilianzia kwenye koti, likapita juu ya mpasuko, likamalizikia kwenye kipande, na nywele za brashi zikaendana, mstari kwa mstari. Alipima. Alichora. Aliandika namba, saa na tarehe.

"Nani anavaa la kumi na nne?"

"Orodha iko kwa kapteni."

"Wewe unajua."

"Najua wanaondoka wakiwa wameacha nywele kama watu wa msituni, na wengine ni wazungu waliojipaka masizi. Wanajifanya wale wa msituni ili wawakaribie. Majina sijui, na ningeyajua ningeyasahau kabla hujafika pale getini." Micah alipunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Mwezi wa sita walileta nyama. Mtamba mzima. Tukapewa miguu. Nilikula, Arap Sigei. Sikuuliza umetoka wapi."

"Tarehe?"

"Siku ya mvua kubwa. Koti hilo lililetwa jioni hiyo hiyo. Nikaambiwa nitie kiraka na ninyamaze, nami nikatia kiraka."

"Utasema hivyo mbele ya hakimu?"

Micah alichukua mti wake akarudi kukoroga. Alisema ana watoto saba. Kisha akasema kwamba kama angeitwa kwa karatasi, kwa jina, angekuja. Bila karatasi, hajawahi kumwona Kiprugut.

Mkuu wa upelelezi wa Nakuru aliitwa Bwana Garrod. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Jumatano saa tatu asubuhi alisoma ripoti ya Kiprugut, kurasa nne na mchoro, bila kuruka kitu, kisha akauliza maswali mazuri. Kipande kilikaa kwa nani kati ya Juni na Agosti? Nani mwingine aliona kikiwekwa kwenye koti? Kiprugut alijibu. Garrod alipiga simu kambini, akaongea kwa dakika mbili, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi.

"Hakuna kikosi kama hicho," alisema alipoweka simu. "Kwa hiyo hakuna makoti. Kuna dobi anayefua mahema."

"Niliyahesabu, bwana. Ishirini na manne."

"Sijasema hukuyahesabu."

Alirudi kwenye ukurasa wa pili, ule wa neno. Aliusoma tena. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wafanyakazi wa shamba, lakini alikuwa na akili, na alikielewa kilichoandikwa.

"Umetafsiri maelezo ya kesi ngapi tangu Hali ya Hatari ianze?"

"Ishirini na mbili."

"Katika hizo, walionyongwa?"

"Tisa."

"Hapa umeandika, na kutia sahihi, kwamba mama huyu alisema jambo moja nawe ukaandika jingine. Wakili yeyote atauliza kuhusu wale tisa. Mimi ningeuliza." Aliisukuma ripoti mbele ya Kiprugut, taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia. "Una uhakika na kesi ngapi?"

Kiprugut alizipitia kichwani kwa mpangilio wa tarehe. Aliyakumbuka majina, na alikumbuka adhabu. Maneno yenyewe, yale yaliyotoka vinywani kwa Kiswahili kabla hayajawa Kiingereza, hakuyakumbuka. Madaftari ya mwaka wa kwanza yalikuwa yamechomwa kwa utaratibu wa ofisi.

"Na hii moja, bwana," alisema. "Kwamba nilikosea."

"Basi ipeleke. Sikuzuii." Garrod alipiga muhuri wa kupokelewa. "Itakwenda na mfuko wa barua. Mfuko unaondoka Ijumaa."

"Ananyongwa Ijumaa."

"Najua ratiba. Kesho uko Naivasha. Wizi wa ng'ombe."

Alipotoka Kiprugut aliomba baiskeli ya ofisi, akaenda kambini kulichukua koti namba kumi na nne kabla halijasogezwa. Hakuwa na hati ya kufanya hivyo; alikuwa ameamua kwamba angekamatwa nalo mkononi, ili angalau liandikwe mahali fulani. Hakufika getini. Kutoka barabarani aliweza kuona nyuma ya banda. Kamba ya katani ilikuwa imeondolewa. Makoti yalikuwa yametundikwa kwenye waya, na mtu mwingine, si Micah, alikuwa akiyageuza. Kando ya mapipa kulikuwa na ndoo ya misumari yenye kutu. Mtu aliyejua kazi alikuwa ameimimina misumari hiyo ndani ya majani, akachemsha upya.

Yalikuwa meusi yote ishirini na manne. Hayakuwa na pigo la brashi tena, wala kijani, wala jivu. Yasingemficha mtu popote. Alimuuliza askari wa lindo dobi yuko wapi. Alijibiwa kwamba amehamishwa asubuhi kwa lori, na kwamba hakuna aliyeambiwa ni wapi.

Alhamisi saa nne asubuhi, kutoka posta ya Naivasha, Kiprugut alituma simu ya maandishi kwa wakili aliyemtetea Kahiga. Alitumia maneno thelathini na moja. Karani wa posta aliyasoma, akamtazama, akasema simu za jeshi zinatangulia siku hizi na yake itapangwa foleni. Kiprugut alimwonyesha kitambulisho. Karani alisema polisi wako nyuma ya jeshi. Hakuwa mkaidi, alionyesha rundo.

Alipiga pia simu ya mdomo mara mbili. Mara ya kwanza wakili alikuwa mahakamani. Mara ya pili karani wake alisema kwamba baraza la kuomba msamaha lilikwisha kukaa Jumatatu na kukataa, na kama kuna jambo jipya liletwe kwa maandishi. Kiprugut alisema limeandikwa, liko kwenye mfuko. Karani alisema vizuri, watalisubiri.

Simu ya maandishi ilipokewa Nairobi Ijumaa, saa tatu na dakika kumi. Alijua hivyo baadaye kutokana na muhuri.

Wiki iliyofuata vitu vya Kahiga vilirudishwa Nakuru ili wapewe wenyewe, na Kiprugut aliomba avipeleke yeye. Hakuna aliyekataa, haikuwa kazi ya kugombaniwa.

Njoki, mkewe Kahiga, alikuwa katika kambi ya muda upande wa reli, ndani ya waya, pamoja na watu waliosubiri malori. Mke wa mtu aliyenyongwa hakuachwa shambani. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, na kadi yake imebandikwa kifuani kwa pini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, na alipomwona Kiprugut alisimama, si kwa heshima, bali kama mtu anayetaka kuyapokea mambo akiwa wima.

Kiprugut alijitaja jina. Alisema yeye ndiye aliyeandika maelezo. Alisema yote aliyoyajua kwa mpangilio wake: kipande, chai, namba kumi na nne, misumari. Hakulainisha kitu na hakuomba kitu. Ilichukua dakika sita. Njoki alisikiliza akiitazama midomo yake.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumanne, mama. Alasiri."

"Jumanne alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Na Jumatano."

"Ndiyo. Na Alhamisi."

Lori la kwanza lilikuwa limewashwa. Askari alipita akisoma namba za kadi kwa sauti, akiiruka ya Njoki. Njoki alinyoosha mikono na Kiprugut akamkabidhi furushi. Ndani kulikuwa na kopo la tumbaku, medali mbili zilizofungwa kwenye leso, na koti. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ndani, jinsi wanavyokunja magereza. Lebo ya mahakama ilikuwa bado imefungwa kwenye tundu la kifungo kwa uzi, mwandiko wa Kiprugut mwenyewe.

Njoki aliigeuza lebo. Alijua kusoma Kikuyu na Kiswahili, Kiingereza hakukijua.

"Imeandikwa nini hapa?"

"Kielelezo cha kwanza," alisema Kiprugut. "Koti moja. Rangi ya majani."

Njoki alilishika koti kwa mikono miwili, akaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa limefifia mabegani kwa miaka tisa ya jua la trekta. Alilitazama kwa muda, upande wa nje, kisha upande wa ndani.

"Majani gani?" aliuliza.

Lilikuwa swali la maneno mawili. Lingeweza kuulizwa tarehe 9 Juni, nyuma ya jiko, kabla ya kufunga daftari.